Makazi ya Wazee Si Aibu. Aibu Ni Kuwatelekeza

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, siku ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya wazee, maneno matamu husikika nchi nzima. Wazee huitwa hazina ya taifa, huitwa tunu, huitwa chemchemi ya hekima. Ngoma huchezwa, risala husomwa na picha hupigwa. Tarehe 2 Oktoba mzee hurudi alikotoka, na ni wachache mno wanaojishughulisha kuuliza huko alikotoka ni wapi, analala juu ya nini, na ni nani atakayemtekea maji siku atakaposhindwa kuinuka.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, hasa katika miji midogo iliyozaliwa na machimbo, kama Nyarugusu wilayani Geita. Katika miji ya aina hiyo kila kitu kina bei, na kila bei inajulikana: bei ya gramu ya dhahabu, bei ya mfuko wa mawe, bei ya kusagisha kwenye karasha. Mtu asiyeweza tena kuchimba, kuponda wala kubeba hana bei. Mtu huyo ndiye mzee.

Jambo hili halina budi kusemwa sasa bila kuzungushwa. Ukanda wa dhahabu unahitaji makazi ya wazee, na gharama ya makazi hayo haina budi kutoka katika dhahabu yenyewe.

Wapo watakaosema kuwa hii ni hofu ya bure, kwamba Tanzania ni nchi ya vijana. Ni kweli kwamba vijana ni wengi. Lakini hesabu za taifa zinasema pia jambo jingine. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na kati yao wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa kiasi cha milioni 2.5. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na wazee walikuwa asilimia 5.7, yaani kiasi cha milioni 3.5. Katika muda wa miaka 10 taifa limepata wazee milioni moja zaidi. Asilimia imesogea kidogo tu, lakini mzee halali katika asilimia. Hulala katika nyumba, kama anayo.

KIZAZI CHA DUARANI

Dhahabu ya Geita si habari ya juzi. Mgodi mkubwa wa enzi za ukoloni ulianza kazi katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo nao walimiminika kwa wingi katika miaka ya 1980, masharti ya biashara yalipolegezwa, na Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu yao mwaka 1990 mmiminiko huo ukazidi. Vijana walitoka Tabora, Kigoma, Mara, Singida na Kagera, wengine kwa miguu, wakakutana na wenzao wa Usukumani katika maduara ya Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko.

Sasa na ifanywe hesabu nyepesi ambayo mwalimu yeyote aweza kuwapa wanafunzi wake. Kijana aliyeshuka duarani mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 25 alitimiza miaka 60 mwaka 2023. Hii maana yake ni kwamba kizazi cha kwanza cha mmiminiko ule kinaingia uzeeni wakati huu, kundi zima, karibu kwa pamoja. Miji ya machimbo, ambayo tangu kuzaliwa kwake imezoea kuona vijana tu, haijapata kuwa na wazee wengi kiasi hicho, wala haikujengwa kwa kuwafikiria.

Mtu huyu aliishije? Hakuwa na mkataba wa kazi. Alilipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, na mawe yakitoka bila dhahabu, jasho la wiki nzima lilikwenda na maji ya kuoshea mchanga. Hakukatwa senti ya mfuko wa pensheni kwa sababu hakuna aliyemtambua kuwa mwajiriwa wake. Alivuta vumbi la mawe miaka nenda miaka rudi, na vumbi hilo hukaa mapafuni lisitoke. Alikamatia dhahabu kwa zebaki, kisha akaichoma zebaki hiyo kwenye moto wa wazi. Na mvuke wa zebaki huharibu mishipa ya fahamu, ukaacha mikono inayotetemeka na kumbukumbu inayopotea. Hayo si mambo yaliyofichika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rwamagasa ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu madhara ya zebaki kwa wachimbaji wadogo.

Pamoja naye alikuwapo mwanamke. Yeye aliponda mawe kwa nyundo mtoto akiwa mgongoni, aliosha marudio yaliyoachwa na wenye mitaji, aliwapikia wachimbaji kwa mkopo ambao mara nyingi haukulipwa. Leo ni bibi, na pengine analea wajukuu ambao wazazi wao walikufa kwa UKIMWI au walikwenda kutafuta chimbo jipya wasirudi.

Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu malishoni hurejea zizini. Lakini mchimbaji huyu atarejea zizi gani? Kijiji alichokiacha miaka 35 iliyopita hakimjui. Wazazi wamekufa, shamba limegawanywa, na ndugu waliobaki wanamkumbuka kama mtu aliyekwenda kwenye dhahabu na kurudi mikono mitupu. Wapo wanaoona haya kurudi katika hali hiyo, nao hubaki palepale, katika chumba cha kupanga, hadi siku mwenye nyumba atakapochoka kusubiri kodi.

NDUGU WANAPOGEUKA

Wapo wazee wengine katika ukanda huu ambao tatizo lao si kukosa ndugu. Tatizo lao ni ndugu wenyewe.

Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi ni doa ambalo Usukuma umelibeba kwa muda mrefu. Uchunguzi uliofanywa na kamati iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ulibainisha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa katika Tanzania Bara kwa tuhuma hizo. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea Usukumani. Mauaji hayo hayakukoma mwaka 1984. Yaliendelea kuripotiwa miaka mingi baadaye, Geita ikiwamo.

Sababu zake zinajulikana na kila mtumishi aliyewahi kufanya kazi katika mikoa hii. Bibi kizee amepikia kuni mbichi, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kwa miaka 50, katika kibanda kisicho na dirisha. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi. Mtoto wa jirani anaugua malaria akafa. Mpiga ramli analipwa, anataja macho mekundu. Na mara nyingi, mtu akiitazama ramli hiyo kwa makini, nyuma yake ataona shamba: mjane anakalia ardhi ambayo shemeji au mtoto wa kambo anaitaka.

Kwa mwanamke kama huyo, kuambiwa kwamba mahali pa mzee ni katika ukoo wake ni sawa na kumrudisha kondoo kwa fisi. Anahitaji mahali pa kukimbilia usiku uleule anapopata habari kwamba jina lake limetajwa. Anahitaji mlango unaofungwa, mlinzi, na ofisa atakayefuatilia shauri la shamba lake mahakamani akiwa hai. Hiyo nayo ni kazi ya makazi ya wazee, na katika ukanda huu huenda ikawa kazi ya kwanza.

HOJA YA MILA

Hata hivyo, kila jambo hili linapotajwa, wapo waungwana wanaosimama na kutamka kwa sauti nzito kwamba makazi ya wazee ni mambo ya Ulaya, na kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake. Hoja hiyo inapendeza masikioni, na ndiyo maana ni ya hatari. Mara nyingi anayeitoa ni mtu mwenye mshahara, ambaye mama yake yuko kijijini na hajamwona tangu sikukuu ya mwaka juzi.

Mila ya kuwatunza wazee haikuwa inaelea hewani. Ilikuwa na uchumi wake. Katika kaya ya Kisukuma mzee alishika ng'ombe, alishika ardhi, alishika ghala. Kijana aliyetaka kuoa alihitaji ng'ombe wa mzee, na kwa hiyo alihitaji radhi ya mzee. Wana walijenga karibu na baba. Uchumi huo umevunjika. Watu wa Usukumani walianza kuhamia Geita kutafuta ardhi tangu enzi za ukoloni. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikahamisha kaya kutoka mahame yake. Ng'ombe wamepungua kwa wengi. Na dhahabu imewapa vijana fedha ambayo haikupitia mkononi mwa baba. Kudai kwamba mila isimame vilevile baada ya nguzo zake zote kung'olewa ni kuitaka paa ibaki juu wakati kuta zimeanguka.

Tena wanaoitaja mila huwa wanasahau maana yake. Katika kijitabu chake kuhusu Ujamaa cha mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana kustarehe bila kazi katika jamii ya asili alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujana wake wote. Kwa maelezo hayo, kula kwake hakukuwa sadaka. Kulikuwa haki ya mfanyakazi aliyekwisha kutimiza zamu yake. Wazee wa ukanda huu wametimiza zamu yao mara mbili. Ndio waliolima pamba iliyoliingizia taifa fedha za kigeni, na wazazi wao ndio waliojenga ushirika wa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, mmoja wa vyama vikubwa vya ushirika vya wakulima katika Afrika ya wakati ule. Kisha wakaingia duarani. Ikiwa hawa hawana haki ya kitanda, basi neno haki lifutwe katika kamusi.

Na kama ushahidi unatakiwa kwamba makazi ya wazee hayaui mila, na uvukwe mlango wa bahari. Huko Zanzibar Serikali imekuwa ikiwatunza wazee katika makazi ya Sebuleni na Welezo kwa miongo mingi. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa na ajira au hakuwa nayo. Baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Je, ni nani amethubutu kusema kwamba Wazanzibari wameacha mila zao?

SERA IPO, KITANDA HAKIPO

Tanzania Bara haikukosa maneno mema. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka Mamlaka ya Nchi kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Sera hiyo ilisema kwamba mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, na kwamba makazi yawe hatua ya mwisho. Kanuni hiyo ni sahihi. Lakini hatua ya mwisho nayo ni hatua. Mtu hawezi kuifikia ikiwa haikujengwa.

Sera ilitimiza miaka 20 mwaka 2023 bila ya kuwa na sheria ya wazee ya kuipa meno huku Bara. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2020. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 7, inazuia mahakama kuamua kama wajibu wa namna hii umetekelezwa au haukutekelezwa. Kwa hiyo mzee wa Nyarugusu hawezi kwenda kuishtaki Serikali kwa kukosa kitanda. Alichobakiwa nacho ni dhamiri ya wale walioshika kalamu na funguo za ofisi.

Makazi ya wazee ya Serikali katika Tanzania Bara hayafiki 20, na wakazi wake huhesabiwa kwa mamia tu, ilhali wazee ni mamilioni. Kwa watu wa ukanda huu, yaliyo jirani ni Kolandoto, mkoani Shinyanga, na Bukumbi, wilayani Misungwi, ng'ambo ya ghuba. Baadhi ya makazi ya nchi hii yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, nayo yalijengwa kwa fikra ya kuwatenga watu, si ya kuwatunza. Fikra hiyo ndiyo iliyowafanya wananchi waone kwamba kupelekwa makazini ni kutupwa. Kosa lilikuwa katika namna ya kujenga, wala halikuwa katika kujenga.

Makazi yanayotakiwa leo ni ya namna nyingine. Yawe madogo, yawe ndani ya kata, karibu na zahanati na shule. Mzee awe na ruhusa ya kutoka asubuhi kwenda sokoni na kurudi jioni. Awe na bustani kama ana nguvu, na asilazimishwe kama hana. Wauguzi wake wajue maradhi ya vumbi na ya zebaki. Na kutoka makazi hayohayo watumishi watoke kwenda nyumba kwa nyumba, kuwahudumia wazee walio wengi zaidi ambao bado wana watu wao, lakini watu hao ni maskini au wamechoka.

NANI ALIPE?

Hapo ndipo hoja ya mwisho hutolewa: hakuna fedha. Katika nchi nyingine hoja hii ingeweza kusikilizwa. Katika Geita ni vigumu kuisikiliza bila kukereka.

Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, na tangu hapo masoko na vituo vya kununulia vimeenea katika machimbo. Kila gramu inayopita hapo hupimwa, huandikwa na kutozwa. Marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya mgodi aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na akubaliane na halmashauri kuhusu mpango huo. Halmashauri pia hukusanya ushuru wa huduma. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na masoko, nayo ni mambo mema. Lakini aliyeanza kulitoboa jabali hilo kwa nyundo na tindo, kabla ya mitambo kufika, hana fungu lake.

Sheria nyingine inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila kundi hapo linastahili. Lakini mzee, kwa uzee wake, hamo. Watunga sheria waliwagawia wote waliokaa mkekani, wakamsahau aliyeutandika mkeka.

Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, kiasi cha kilomita 3 juu ya maji ya ziwa. Ni kazi ya kujivunia. Taifa lililoweza kulivusha gari juu ya ghuba haliwezi kusema kwamba limeshindwa kumvusha mzee kutoka kwenye chumba cha kupanga hadi kwenye nyumba ya vitanda 40.

WAJIBU WA WENYE PENSHENI

Mwaka 2018 watumishi wa umma na walimu walipaza sauti kuhusu kikokotoo cha mafao yao. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo, na Desemba ya mwaka uleule walisikilizwa. Walijua vyema uchungu wa mtu kutumika miaka 30 kisha akahofia kwamba atazeeka katika dhiki. Mchimbaji wa zamani na mkulima wa pamba hawana kikokotoo cha kulalamikia, kwa sababu hawana cha kukokotolewa. Mtumishi aliyepigania uzee wake mwenyewe amekwisha kujifunza hoja zote zinazohitajika kuupigania uzee wa jirani yake.

Tena kazi yenyewe imo mikononi mwake. Mtendaji wa kata ndiye awezaye kusimamia daftari la wazee wote wa kata yake, kitongoji kwa kitongoji, likionyesha nani anaishi na nani, nani haoni, nani hana mtu, na nani ametishwa. Ofisa ustawi wa jamii ndiye awezaye kulipeleka daftari hilo katika kikao cha bajeti, na kukataa liwekwe chini ya mafaili. Ofisa mipango ndiye awezaye kuandika mstari mmoja, wa makazi ya wazee, katika mpango unaokubaliwa na mwenye mgodi. Mwalimu ndiye awezaye kumfundisha mtoto, kwa somo la sayansi tu, kwamba moshi huwekundisha macho na mbu huleta malaria. Na somo hilo moja likishika, huenda likaokoa maisha ya bibi wa mtoto huyo. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayongoja mfadhili kutoka ng'ambo.

Dhahabu ya Geita itakwisha, kama kila dhahabu inavyokwisha. Siku hiyo mashimo yatabaki, na watu watauliza utajiri wote ule ulikwenda wapi. Halmashauri za ukanda huu bado zina nafasi ya kuwa na jibu la kuonyesha kwa kidole: nyumba safi, yenye maji na taa, na ndani yake wazee waliolichimba jabali hilo wakiota jua la asubuhi bila ya kumwogopa mtu. Bajeti ijayo ndiyo itakayoonyesha kama hotuba za tarehe 1 Oktoba zilikuwa na maana yoyote.